Dawa Iliyopunguzwa Mpaka Chembe

Zuhura ndiye aliyeniomba niandike. Yeye ni mfamasia niliyemwachia chumba cha kutengenezea dawa, na siku tunakabidhiana alinitazama kwa jicho la lawama akasema, "Mama, nyie mnaondokaga na vitu vyote kichwani, sie tunabaki kubahatisha." Nikamwambia mfamasia habahatishi. Akacheka, akasema ndiyo maana anataka niandike.

Basi naandika. Ya vyeo na mishahara nayaacha, hayana cha kumfundisha mtu.

Nilianza kazi katika hospitali moja ya Temeke nikiwa binti mwembamba niliyedhani ufamasia ni kusoma miandiko mibaya ya madaktari na kuhesabu vidonge. Asubuhi ya kwanza nikapelekwa kwa Mzee Chilumba, mtu wa Masasi, mfupi, koti lake jeupe limepigwa pasi utadhani anakwenda harusini. Nilimkuta amezima pangaboi katika joto lile la kabla ya masika, madirisha yote amefunga, jasho linamtiririka mpaka kwenye kola. Alikuwa ameinamia mizani ndogo iliyokaa ndani ya kisanduku cha kioo.

"Shikamoo, mzee."

Hakujibu. Nikadhani hakusikia, nikarudia kwa sauti kubwa zaidi. Akainua kidole kuninyamazisha. Alipomaliza kupima, akafunga kisanduku, akajifuta uso, ndipo akanigeukia.

"Marahaba. Pumzi yako ina uzito, binti. Ukiniamkia karibu na mizani, unaongeza dawa."

Nilidhani ananitania. Akaniita, akanifungulia kile kisanduku, akaniambia nipulize kidogo tu. Namba zikaruka huku na kule kama zimeshtuka usingizini. Toka siku hiyo mpaka nastaafu sijawahi kuongea mbele ya mizani.

Alichokuwa akipima asubuhi ile kilikuwa dawa ya moyo ya mtoto mchanga aliyekuwa wodini. Kiwandani walitengeneza kidonge kile kwa ajili ya mtu mzima. Kilimtosha babu yake yule mtoto, lakini yeye mwenyewe kingemuua. Kazi ya Mzee Chilumba ilikuwa kukisaga, kukichanganya na unga mwingine usio na madhara, kisha kukigawa katika vipimo vidogo kiasi kwamba dawa yenyewe huioni tena kwa macho. Unaona unga mweupe tu. Unaamini kwamba dawa imo kwa sababu unajua ulichokifanya.

"Sasa utajuaje imeenea sawasawa?" nilimuuliza.

Hakunieleza kwa maneno. Akanipa kinu cha kaure na mchi wake, akanimiminia kiasi cha sukari ya maziwa, ule unga mweupe laini tunaoutumia kujazia, kisha akaweka juu yake punje chache za rangi nyekundu ya keki. Akasema nichanganye mpaka kila punje ipate haki yake. Nikakoroga kwa nguvu kama ninasonga ugali. Nilipomwonyesha, unga ulikuwa na madoa mekundu hapa na pale, kwingine mweupe pe.

"Hapa watoto watatu hawajapata dawa," akasema, akionyesha kwa kidole penye weupe. "Na huyu wa kwenye doa jekundu umemzika."

Akamwaga, tukaanza upya. Safari hii aliweka ile rangi kwanza, akaongeza unga mweupe wa kiasi hicho hicho tu, akasaga. Kisha akaongeza tena sawa na kilichokuwa kinuni, akasaga. Akaongeza tena. Kila mara sawa na kilichopo, wala si zaidi, na mkono wake haukuwa na haraka hata kidogo. Wekundu ukawa waridi, waridi ikazidi kufifia, mpaka kinu kizima kikawa na rangi moja kama ukucha wa mtoto. Nilikaa nikaitazama. Ile rangi haikuwa imepotea, ilikuwa imekwenda kila mahali. Sijui nyie mlinaswa na kazi hii kwa kitu gani. Mie nilinaswa hapo.

Mzee Chilumba alipoondoka kwenda kulima mikorosho yake, chumba kikabaki mikononi mwangu. Niwape machache ya chumba kile, maana hayamo vitabuni. Sukari ya maziwa huwavuruga matumbo baadhi ya watu, na hawasemi mpaka uwaulize, kwa hiyo waulizeni. Kapsuli tupu hazipendi unyevu wa masika, zinalegea kama maandazi ya jana, zifungieni. Na mizani haipendi singeli. Ng'ambo ya ukuta wetu kulikuwa na kijana fundi simu mwenye spika kubwa kuliko banda lake, na kila besi ilipopiga, namba zangu zilicheza. Nilimfuata nikamweleza kwamba muziki wake unaingia kwenye dawa za watu. Alinitazama kwa mshangao, akasema, "Duh! Kumbe? Poa mama, hiyo ishu ndogo." Toka hapo nikawa namgongea ukuta, anazima, napima, namgongea tena, anafungulia. Tulifanya kazi pamoja hivyo kwa miaka, yeye bila kuajiriwa.

Nilidhani nimeshaona maajabu yote ya dozi ndogo. Halafu akaja Daktari Neema.

Alikuwa daktari wa magonjwa ya viungo, kijana, mwenye mwendo wa haraka. Siku hiyo aliingia chumbani kwangu mwenyewe, hakutuma mtu.

"Bi Mwanahawa, shikamoo. Unaweza kunitengenezea naltreksoni?"

"Marahaba, daktari. Ile si ya watu wanaoacha pombe na unga wa kulevya? Vidonge vipo, vya miligramu hamsini. Kuna cha kutengeneza hapo?"

"Mie sitaki hamsini. Nataka moja. Kwa kuanzia hata nusu ya moja."

"Ya nini?"

"Ya maumivu."

Nikaweka mchi chini. Naltreksoni ninaijua. Mwilini kuna milango ambayo dawa kali za maumivu, kama mofini na tramadol, hupitia ili zifanye kazi, na naltreksoni kazi yake ni kuifunga. Ndiyo maana inamsaidia aliyeacha heroini: hata akivuta, haipati pa kuingilia. Sasa dawa inayofunga mlango wa nafuu italetaje nafuu?

Nilimuuliza hivyo hivyo. Hakukasirika. Alivuta kiti, akanieleza kwamba dozi kubwa hufunga mlango kutwa nzima, lakini dozi ndogo sana hugusa, hufunga kwa muda mfupi, kisha huondoka. Inadhaniwa mwili ukigundua umefungiwa, unajibu kwa kutengeneza nafuu yake wenyewe kwa wingi zaidi. Na inadhaniwa tena kwamba chembe hiyo inazituliza seli fulani za ulinzi zilizoko kwenye mishipa ya fahamu, zile zinazopiga kelele bila sababu.

"Inadhaniwa," nilisema.

"Inadhaniwa," alikubali. "Tafiti zipo, lakini ndogo. Kuna wanaopata nafuu, kuna wasiopata. Haiponyi ugonjwa, na haichukui nafasi ya dawa zao nyingine. Nataka niwajaribie wale ambao sina kingine cha kuwapa."

Nilimpenda kwa lile neno "inadhaniwa". Nikazima pangaboi.

Mgonjwa wa kwanza alikuwa mwalimu wa kike kutoka Madale, mwili wote unamuuma na vipimo havionyeshi kitu. Alitumia kwa utii kabisa, tukapandisha dozi polepole kama ilivyoelekezwa. Mwishoni alikuja dirishani akaniambia kwa upole, kana kwamba yeye ndiye anayenipa pole, "Bi Mwanahawa, imekataa." Wa pili, mama mmoja mshonaji, aliniambia amelala usiku kucha kwa mara ya kwanza tangu aumwe, akalia mbele ya foleni nzima. Dawa ilikuwa ile ile, kutoka kinu kile kile na mkono ule ule. Hapo nilijifunza kutomwahidi mtu. Nilikuwa nasema tu: tuone.

Mzee Anselmi alikuja katika miaka yangu ya mwisho kazini. Alikuwa mchongaji, Mmakonde wa Newala aliyehamia Pugu akiwa kijana, na alichonga mpingo tangu hajaota ndevu. Mti ule ni mgumu, unataka mtu mwenye mikono. Yake ilikuwa imeshambuliwa na baridi yabisi. Vifundo vilikuwa vimevimba na vidole vimeanza kupindia upande mmoja. Daktari Neema alikuwa amemwanzishia dawa ya kila wiki ya kuudhibiti ugonjwa wenyewe, na ilifanya kazi yake: uvimbe ulishuka, damu ikatulia. Maumivu yakabaki pale pale.

"Moto umezimika, king'ora bado kinalia," daktari aliniambia. "Ndiye ninayemtaka. Ila kuna jambo. Amekuwa akimeza tramadol kwa miaka, ananunua mwenyewe. Ameniambia ameacha. Naomba na wewe umuulize kabla hujampa."

Alikuja dirishani na mkewe, Mama Joyce, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini. Nikawakaribisha ndani, nikafunga mlango. Mzee Anselmi alikaa mikono yake ikiwa juu ya magoti, viganja juu, kama mtu aliyebebeshwa kitu.

"Mzee Anselmi, tramadol umeacha?"

"Nimeacha, sista. Zamani."

Chumba kile kilikuwa na kiza kidogo, na katika kiza mboni ya jicho hupanuka. Zake zilikuwa ndogo kama kichwa cha pini, ndivyo dawa za jamii ya tramadol zinavyozibana. Nikavuta kiti karibu.

"Nisikilize. Mie si polisi wala si padri. Hii dawa na ile haziishi nyumba moja. Ukimeza hii ile ikiwa mwilini, itaitoa mlangoni kwa nguvu, yote mara moja. Utatapika, utatetemeka, utaumwa kuliko ulivyowahi kuumwa. Kwa hiyo nakuuliza tena, na jibu lolote utakalonipa halitanikasirisha."

Aligeuza viganja vyake chini. Mama Joyce alikuwa anatazama sakafu. Alijua, na alikuwa anamwachia mumewe aseme mwenyewe.

"Jana nimemeza," hatimaye alisema. "Na leo asubuhi, ili nifike hapa." Kisha akaniuliza jambo ambalo mpaka leo sijalisahau. "Sista, nikiacha zile, mchana wangu nitaupitishaje?"

Nilimrudisha kwa Daktari Neema, naye hakumgombeza. Alimpangia kupunguza hatua kwa hatua, maana tramadol ukiikata ghafla inaweza hata kukuletea degedege. Vidonge vikakaa kwa Mama Joyce, akawa anampa yeye. Nikampa mama yule namba yangu ya simu, jambo ambalo huwa silifanyi.

Alipiga mara nyingi. Baba Joyce hali. Baba Joyce anatoka jasho, anatembea uani huku na huku. Baba Joyce amemtukana, halafu amelia. Mara moja alinipigia akaniambia, "Bi Mwanahawa, ameniomba vidonge vyote. Amepiga magoti. Mtu mzima huyu." Nikamuuliza amefanyaje. Akasema, "Na mie nimepiga magoti mbele yake. Tukakaa hivyo hivyo, mpaka akacheka." Nyie vijana, mtasoma sana jinsi ya kumtoa mtu kwenye dawa. Hilo la Mama Joyce hamtalikuta ukurasa wowote.

Miezi hiyo hakuchonga. Alikaa.

Tramadol ilipokwisha, na siku za kusubiri alizotaka daktari zikapita bila mchezo, nilimtengenezea kapsuli zake za kwanza. Kila moja ilikuwa na nusu miligramu. Chukua kidonge kimoja cha kiwandani ukakigawe katika mafungu mia, kila kapsuli yake ina fungu moja. Nimefanya kazi hiyo maisha yangu yote, lakini siku ile niliishika kapsuli moja kwenye mwanga wa dirisha nikajiuliza ninampa nini hasa yule mtu aliyepiga magoti. Isingemlevya, isingemtia hata usingizi. Ilikuwa chembe iliyotumwa kwenda kuuzungumzisha mwili.

Wiki za mwanzo kilichobadilika ni ndoto tu. Hilo hutokea, na nilishamwonya. Alikuja akanisimulia kwamba anamwota marehemu baba yake kila usiku, amempa mgongo, anachonga, na kila akizunguka aone kinachochongwa, mzee naye anageuka. "Si ndoto mbaya," alisema. "Ila naamka nimechoka kama nimeshinda kazini." Daktari akamhamishia dozi asubuhi, ndoto zikapungua. Tukapandisha hadi miligramu moja, tukasubiri, tukapandisha tena. Kila alipokuja nilimuuliza, na kila mara jibu lake lilikuwa moja: "Bado, sista."

Wakati wangu wa kustaafu ukafika na yeye bado ni "bado".

Wiki yangu ya mwisho alikuja kuchukua dawa. Zuhura ndiye aliyezitengeneza, mie nimesimama nyuma nimefunga mikono nisije nikaingilia. Alizima pangaboi bila kuambiwa, akagonga ukuta, muziki ukazima. Alisaga vizuri. Ana papara kidogo mwishoni, lakini hilo linatibika. Nilimkabidhi Mzee Anselmi kapsuli zake, nikamweleza kwamba kuanzia sasa atakuwa anahudumiwa na huyu binti.

Aliweka mikono yake kaunta, ile mikono iliyopinda, akaitazama.

"Na kama haitafanya kazi?"

"Daktari atatafuta jingine. Hajachoka na wewe."

"Na wewe, sista?"

"Mie nitakuwa nyumbani Kimara. Kule sina dawa, nina kuku."

Akatabasamu. Alinipa mkono, nami nikaushika kwa tahadhari kama ninavyoshika mayai. Nikaondoka hospitali nikiwa sijui. Kuna vikombe walinizawadia, kuna keki na hotuba, na katikati ya hotuba nilikuwa nawaza kama nimemvua mtu yule nafuu pekee aliyokuwa nayo nikampa unga mweupe.

Jumamosi moja asubuhi, sijazoea hata kukaa nyumbani, nilikuwa jikoni nakaanga maandazi. Simu ikaita. Mama Joyce. Nikaipokea haraka, maana simu zake nilizijua.

"Mama Joyce, kuna nini?"

"Usiongee," alisema kwa kunong'ona. "Sikiliza."

Nikasikia anatembea, kanga inachakarisha, mlango unalia. Halafu kimya cha nje, majogoo mbali, na ndani ya kimya hicho, ko, ko, ko. Inasimama. Ko, ko.

"Ni nini hicho?" niliuliza, ingawa nadhani nilishajua.

"Tezo yake ya kuchongea. Ametoka hajaniambia kitu. Nimeamka simwoni kitandani, nimechungulia, amekaa na gogo katikati ya miguu."

"Maumivu je?"

"Jana nilimuuliza. Kasema yapo. Ila kasema zamani yalikuwa yamemkalia kifuani, sasa yamekaa pembeni kama mgeni."

"Na vidole?"

"Vidole ni vile vile, Bi Mwanahawa, vimepinda. Anaishika tezo kwa namna nyingine, sijapata kuiona. Kaibuni mwenyewe." Akavuta pumzi. "Itadumu?"

"Sijui, mama. Wallahi sijui."

"Haya. Mie nilitaka usikie tu."

Hakukata simu, wala mie sikukata. Alikuwa ameielekeza uani, bila shaka ameinyoosha kwa mkono, kwa sababu sauti ilikuwa inakuja safi kutoka Pugu mpaka jikoni kwangu: chuma kwenye mpingo, pole, si kwa nguvu ya kijana, mtu anayeuliza kila pigo kabla ya kupiga linalofuata. Kisha mapigo yakaanza kukaribiana. Harufu ya kuungua ikanifikia, maandazi yalikuwa yamegeuka mkaa. Nikanyoosha mkono nikazima jiko, nikavuta kigoda nikakaa, simu sikioni, nikisikiliza.